Mchezo Ukiisha, Mabishano Yaanze

Kipindi: Mazungumzo ya mpenzi wa redio
Sauti: Msemaji mmoja

(Muziki wa kufungua: gitaa la rumba. Unapanda, kisha unashuka taratibu chini ya sauti.)

Karibu tena. Na wewe ambaye betri zilikwisha kabla ya saa ya kipindi, na sasa unasoma maneno haya kwenye karatasi, karibu vilevile.

Leo hatuna mtaalamu studioni. Hakuna daktari, hakuna mwanasheria, hakuna ofisa wa mgao. Mbele ya maikrofoni niko mimi tu, mpenzi wa kawaida wa michezo ya redio, nyimbo, filamu na vitabu. Nimekuja na maoni yangu. Mengine utayakubali, mengine utayakataa. Ukiyakataa, usizime redio. Mgeukie aliyekaa kando yako umwambie kwa nini nimekosea. Baadaye utaona kwa nini ninaomba hivyo.

Nianze na watu wabaya. Ukiwauliza watu wanampenda nani katika mchezo wa redio, wengi watakutajia mtu mwema: mama mvumilivu, kijana mtiifu, mzee mwenye hekima. Mimi sisadiki. Mtu mwema tunamheshimu, lakini anayetufanya tukimbie nyumbani kabla kipindi hakijaanza ni yule mbaya. Tunataka kujua leo kafanya nini tena.

Mfano wangu ni Mkwaju. Kama ulikuwa Tanzania katika miaka ya 1990, au uliishi upande huu wa mpaka na masafa yakakufikia, huenda unamkumbuka. Mchezo uliitwa Twende na Wakati. Ulianza kurushwa na Radio Tanzania mwezi wa Julai 1993. Mkwaju alikuwa dereva wa lori, mwenye mke nyumbani na wanawake wengine njiani. Hata jina lenyewe linakaza meno! Watu walimcheka, walimlaani, na bado walimngojea. Baadaye Mkwaju akaugua UKIMWI. Mkewe Tunu, ambaye mwanzoni alikuwa mtu wa kunyamaza, alijifunza kusimama kwa miguu yake na kuanza biashara yake ndogo.

Maoni yangu ya kwanza ni haya: Mkwaju alifundisha kuliko mabango yote ya afya yaliyobandikwa ukutani. Bango linakuambia la kufanya. Mkwaju alikuonyesha mtu unayemjua. Kila mtaa ulikuwa na Mkwaju wake, na wanawake waliposema sokoni kwamba fulani ni Mkwaju, hawakuhitaji kueleza zaidi.

Tena haya si maneno ya mpenzi peke yake. Kwa takriban miaka miwili, kituo cha Dodoma hakikurusha mchezo huo, ili watafiti walinganishe watu waliousikia na wale ambao hawakuusikia. Mwaka 1995 Dodoma nayo ikaupata. Watafiti waliona kwamba waliosikiliza walizungumza zaidi na wenzi wao kuhusu uzazi wa mpango, na wengi zaidi walianza kuutumia. Angalia neno hilo: walizungumza. Redio ilizimwa, na maneno yakaendelea ndani ya nyumba.

(Muziki mfupi.)

Maoni yangu ya pili ni juu ya mahubiri. Sipendi mchezo unaohubiri. Unajua ile michezo ambamo muuguzi anaingia na kusoma kijitabu kizima bila kupumua, na mgonjwa anajibu tu: asante, sasa nimeelewa. Hakuna mgonjwa wa namna hiyo duniani. Mgonjwa wa kweli anauliza bei, anabisha, anasema jirani yake alitumia mizizi akapona.

Katika nyimbo ni vilevile. Mwaka 1987, Franco Luambo Makiadi, yule gwiji wa TPOK Jazz wa Kinshasa, alitoa wimbo mrefu wa kuonya juu ya UKIMWI, Attention na SIDA. Ninamheshimu Franco sana. Wakati ule watu wakubwa wengi walikuwa wamenyamaza, na yeye alisema. Lakini nikisema kama mpenzi: pale anahubiri, anamwambia kila mtu wajibu wake, mmoja baada ya mwingine. Linalonifanya niusikilize mpaka mwisho ni gitaa.

Sasa mweke kando yake Remmy Ongala. Remmy alizaliwa Kindu, huku Kongo, mwaka 1947. Mwaka 1978 alihamia Dar es Salaam, na huko ndiko alikojulikana, akiwa na bendi yake ya Super Matimila. Naye aliimba juu ya ugonjwa uleule, katika wimbo Mambo kwa Soksi. Soksi aliyoisema haikuwa ya kuvaliwa mguuni, na kila mtu alielewa. Redio ya taifa haikutaka kuupiga wimbo huo, lakini watu waliujua. Remmy alichekesha kwanza, kisha ukibaki peke yako ukafikiri. Kati ya hawa wawili, mimi nampa Remmy. Wewe je? Najua wapenzi wa Franco tayari wameshakunja uso. Vizuri. Kunjeni, lakini msiondoke.

Na kabla hatujaendelea, mtazame tena Remmy. Mtu aliyetoka Kindu aliimba kwa Kiswahili mjini Dar es Salaam, na watu wa pale wakamwita Dokta kwa sababu nyimbo zake ziliwatibu. Wewe uliye mgeni mahali ulipo leo, na matamshi yako yanachekwa kisimani, kumbuka hilo. Kiswahili chako cha Kongo si ugonjwa.

(Muziki unashuka. Kimya kifupi.)

Sasa nifike kwenye jambo lililonileta.

Nimesema Twende na Wakati ulianza Julai 1993. Mwezi uleule, Julai 1993, mjini Kigali kulianza redio nyingine. Jina lake kwa kifupi ni RTLM. Wengi wetu tunajua ilifanya nini mwaka 1994, wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi. Ilichochea. Ilitangaza majina ya watu na mahali walipo. Mahakama ya kimataifa iliyokaa Arusha iliwahukumu wahusika wake mwaka 2003.

Lakini swali langu mimi mpenzi wa redio ni hili: kwa nini watu waliifungua? Hawakuifungua kwa sababu ilitangaza chuki. Waliifungua kwa sababu ilikuwa tamu. Redio ya serikali ilikuwa kavu, na RTLM ilipiga muziki mzuri, hata rumba ya Zaire, ile ile tunayoipenda. Watangazaji wake walitania na kuongea kama watu wanavyoongea kwenye kilabu cha pombe. Vijana walikuja kwa ajili ya muziki. Chuki iliingia kwa mlango uleule ambao furaha iliufungua.

Hata wanamuziki hawakubaki nje. Simon Bikindi alikuwa mwimbaji mwenye jina Rwanda, na nyimbo zake zilipigwa sana kwenye redio ile. Mwaka 2008 mahakama ya Arusha ilimhukumu kifungo cha miaka 15. Na sikiliza vizuri: hakufungwa kwa ajili ya nyimbo zenyewe. Alifungwa kwa maneno aliyoyatangaza kwa kipaza sauti juu ya gari, barabarani, mwezi wa Juni 1994, akiwahimiza watu waue. Lakini yule aliyesimama juu ya gari alikuwa mtu ambaye watu walikuwa wameshampenda. Ndiyo maana walimsikiliza.

Kwa hiyo, msikilizaji, mtu asikuambie kwamba mambo ya nyimbo na michezo ni mambo ya kupoteza muda tu. Kupenda ni kufungua mlango. Ni lazima tujue tumemfungulia nani.

(Muziki mfupi wa kutenganisha.)

Utaniuliza: basi mpenzi wa redio atajuaje? Mkwaju ni mtu mbaya, na RTLM nayo ilikuwa na watu wake wabaya. Tofauti iko wapi?

Tofauti ni hii. Mkwaju ni mtu mmoja. Ana jina lake, ana lori lake, ana makosa yake mwenyewe. Mchezo haukusema madereva wote ni Mkwaju, wala haukusema watu wa mkoa fulani ni Mkwaju. Lakini katika hadithi ya RTLM, mtu mbaya hakuwa mtu. Ilikuwa jamii nzima: mzee, mtoto mchanga, mwalimu, jirani yako wa miaka 20. Hadithi inapokupa mtu mbaya asiye na uso wake mwenyewe, hadithi hiyo ina njaa, na chakula chake ni watu.

Nikupe mfano wa mchezo ulioelewa jambo hilo. Rwanda, mwaka 2004, ulianza mchezo wa redio uitwao Musekeweya, maana yake mapambazuko mapya. Kuna vijiji viwili jirani, Bumanzi na Muhumuro, na ugomvi juu ya ardhi yenye rutuba. Kuna Rutanagira, anayewachochea watu wa kijiji chake wawashambulie wenzao. Lakini dada yake mwenyewe, Batamuriza, anampinga, na anampenda Shema, kijana wa kijiji kile kingine. Unaona ufundi wake? Mchochezi ni mtu mmoja, na anayempinga ametoka ndani ya nyumba yake. Huwezi kumaliza kusikiliza ukasema watu wa kijiji cha Rutanagira wote ni wabaya, kwa sababu Batamuriza naye ni wa kijiji hicho. Makabila hayatajwi, ila kila msikilizaji anaelewa.

Mimi nina lawama moja ndogo kwa Musekeweya. Mapenzi ya Batamuriza na Shema yalinichosha wakati mwingine. Wapendanao wa redio hulia mno! Lakini Rutanagira ni mtu aliyetungwa vizuri. Anaposema, unasikia jinsi maneno yake yanavyovutia, na hapo ndipo unapojifunza kuyatambua.

Mtafiti mmoja Mmarekani, Elizabeth Levy Paluck, aliufuatilia mchezo huo. Vikundi vingine vilisikiliza Musekeweya kwa mwaka mmoja, na vingine vilisikiliza mchezo wa mambo ya afya. Matokeo yake aliyachapisha mwaka 2009, na mimi yalinishangaza. Waliosikiliza Musekeweya hawakubadilika sana katika yale wanayoyaamini moyoni. Kilichobadilika ni jinsi walivyoona watu wanavyopaswa kuishi pamoja: kwamba kumwamini mwenzako si ujinga, kwamba ukitofautiana na wenzako unapaswa kusema na usinyamaze.

Kisha likaja jambo ninalolipenda kuliko yote. Mwishoni kila kikundi kilipewa redio ya kaseti na kaseti za mchezo, mali ya wote. Nani atazitunza? Katika vikundi vile vingine, mtu alipopendekeza kiongozi wa mtaa azichukue, mara nyingi jambo liliishia hapo. Lakini waliosikiliza Musekeweya walianza kubishana. Mmoja alisema hapana, mwingine alitoa wazo lake, mpaka wakapatana namna ya kuzitumia pamoja.

Walibishana, msikilizaji! Katika nchi ambako watu walikuwa wamezoea kunyamaza na kufuata. Mimi naona hayo ndiyo matunda ya mchezo mzuri. Haukuwafanya wote waseme kitu kimoja. Uliwafanya waweze kutofautiana na bado wakae kwenye benchi moja.

(Muziki: gitaa, polepole.)

Majirani zetu wa Burundi walikuwa wametangulia katika njia hiyo. Mwaka 1997, vita ikiwa bado inaendelea, Studio Ijambo ya Bujumbura ilianza mchezo Umubanyi Niwe Muryango, yaani jirani ndiye ndugu. Mtunzi wake ni mama mmoja shujaa wa kalamu, Marie-Louise Sibazuri. Familia mbili, moja ya Kihutu na moja ya Kitutsi, zinaishi jirani. Mambo yao ni yale yale ya kila siku ya majirani, nje vita inanguruma. Hebu fikiria: kuandika kwamba jirani ndiye ndugu, wakati ambapo njiani watu wanauana. Mimi nasema hiyo ni kazi ngumu kuliko filamu yoyote yenye bunduki.

Na kwa kuwa nimetaja filamu, nitoe maoni yangu ya mwisho, ambayo najua vijana watayapinga. Mimi napenda redio kuliko filamu. Tuchukue Petit Pays ya Gaël Faye, aliyezaliwa Bujumbura mwaka 1982. Kwanza aliandika wimbo wenye jina hilo. Mwaka 2016 akatoa riwaya, nayo ikapata tuzo kubwa ya Ufaransa ambayo wanafunzi wa sekondari ndio waamuzi. Mwaka 2020 ikatoka filamu. Ni habari za mtoto wa Bujumbura, baba yake Mfaransa na mama yake Mnyarwanda, vita inapoingia katika mtaa wake mdogo. Katika kitabu kuna mama mmoja Mgiriki, jirani yao, mwenye nyumba iliyojaa vitabu. Anamwazima mtoto kimoja baada ya kingine. Nje kuna milio ya risasi, ndani mtoto anasoma. Mimi nampenda mama huyo kuliko watu wote wa kitabu kile. Filamu ni nzuri, lakini ina haraka. Kitabu kinakuacha ukae na mtoto yule katika woga wake na katika kusoma kwake.

Redio nayo inakuacha hivyo hivyo. Filamu inakuonyesha uso, na sisi wa ukanda huu tunajua ubaya wa kumsoma mtu kwa pua na urefu wake. Kwenye redio Batamuriza hana pua. Ana sauti tu. Uso wake unaweza kuwa wa dada yako.

(Kimya kifupi.)

Msikilizaji mpendwa, mambo ya 1994 yanaonekana kuwa mbali, lakini leo kila mtu ana kituo chake cha redio mfukoni. Simu inalia, unapokea sauti ya mtu usiyemjua, nyuma yake muziki unaoupenda. Anasimulia kisa cha kusisimua juu ya watu wa kabila fulani, au wakimbizi fulani, au wenyeji wa kijiji fulani. Sauti ni tamu, kisa kinachoma moyo, na mwisho anakuambia: watumie wengine sasa hivi.

Kabla hujatuma, fanya kama mpenzi mzoefu wa michezo ya redio. Jiulize mambo matatu. La kwanza: mtu mbaya katika kisa hiki ni mtu mmoja mwenye jina na kosa lake, au ni jamii nzima? La pili: je, upande ule mwingine una mtu hata mmoja anayesema, kama Batamuriza, au wote wamenyamazishwa? La tatu: je, kisa hiki kinaniacha nifikiri na kubisha, au kinanisukuma nitende upesi? Kisa kikishindwa katika hayo matatu, kiache kife kwenye simu yako. Hata kama muziki wake ni mtamu. Hasa kama muziki wake ni mtamu.

Sisemi uache kupenda. Mimi sitaacha. Penda nyimbo zako, mpende Mkwaju wako, lia na wapendanao wako kama huchoki. Lakini mchezo ukiisha, usinyamaze. Uliza, bisha, mwache mwenzako naye abishe. Redio inayokuogopa ukibisha haikutakii mema.

MASWALI KWA VIKUNDI VYA WASIKILIZAJI

Mwongozaji wa kikundi asome swali, kisha awaache watu waongee. Asitoe jibu lake kwanza. Wanaokaa kimya waulizwe kwa upole, hasa wanawake na vijana.

1. Ni mtu gani mbaya wa mchezo, wimbo au filamu ambaye humsahau? Alikufundisha nini?
2. Je, umewahi kusikia wimbo au kisa kinachosema vibaya juu ya jamii nzima? Watu waliokuwa karibu nawe walifanya nini?
3. Kikundi chetu kikipewa redio moja na betri zake, nani azitunze, na kwa nini? Yeyote asiyekubali aseme.

Hayo ndiyo maoni yangu. Wapenzi wa Franco, nimewasikia tangu mlipokunja uso, na kipindi kijacho maikrofoni ni yenu. Leteni hoja. Mpaka wakati huo, kaeni salama, na wasalimieni majirani.

(Muziki wa kufunga: gitaa linapanda, linaendelea mpaka mwisho.)